Utupa wa Damari

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mke wangu husema nikipewa chai yenye sukari nyingi nauliza kuna nini. Basi asubuhi ile ya Novemba, mwaka 1955, nilipofika bwawani kwangu nikakuta perege wanaelea matumbo juu, sikujiuliza wamekufa kwa nini. Nilijiuliza kawaua nani.

Bwawa lile nililichimba kwa mikono yangu bondeni, huku majirani wakiniita mwendawazimu kwa kufuga samaki wakati wenzangu wanafuga ng'ombe. Vifaranga vililetwa na serikali ndani ya debe. Mwaka wa pili walikuwa na upana wa kiganja. Sasa walikuwa wanaelea, na wengi wao ni wale wakubwa niliokuwa nawaonea fahari. Nililia, nasema kweli, kama mtu aliyefiwa.

Nilipomaliza kulia nikainua macho, nikaona ua wa Damari.

Damari alikuwa mjane, na shamba lake linapakana na bwawa langu kwa upande wa juu. Ua wake wote aliupanda utupa, ule mmea ambao wazee wetu walitwanga majani yake na kuyatia mtoni ili samaki walegee, waokotwe kwa mikono. Yeye alidai ni wa kufukuza fuko wasile viazi. Kila mwenye utupa hudai hivyo. Lakini yeye alikuwa na sababu ya kunichukia, na niliijua vizuri kwa kuwa nilimpa mimi mwenyewe.

Nilikuwa mzee wa kanisa. Kwetu Mkristo alikatazwa pombe, na wiki za kuelekea Meza ya Bwana sisi wazee tulipita nyumba kwa nyumba tukinusa. Mwezi ule tulikamata mitungi mingi ya pombe ya ulezi, na ya Damari ilikuwa minne. Alijitetea kwamba hakupika ya kulewa, alipika ya ujima, watu waje wamlimie kabla mvua haijashika, maana mjane asiye na pombe hapati jembe hata moja. Sikumsikiliza. Shida yetu ilikuwa mahali pa kumwaga. Tulipomwaga uani, kuku walilewa na wanaume wakachota kwa vibuyu. Ndipo nikapata wazo, nikajisifu nalo siku nzima: tumwage bwawani kwangu, pombe pamoja na machicha yake. Humo hatachota mtu, na samaki watashiba ulezi wa bure.

Siku ya tatu baada ya kumwaga, samaki walikuja juu alfajiri, makundi kwa makundi, midomo wazi. Nikasema hawa wameonja kitu kitamu, wanadai tena. Nikawaongezea madebe mawili ya machicha kutoka nyumba nyingine. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, yananuka kama mtungi uliosahauliwa, nami sikutilia maanani. Siku ya tano ndiyo nikawakuta matumbo juu.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Saulo, shemeji yake Damari, mdogo wa marehemu mumewe. Alitazama samaki, akatazama ua, akatikisa kichwa. Alisema amemwonea shaka mwanamke huyu tangu kaka yake afariki, kwamba anayeua samaki leo kesho ataua watu, na kwamba ukoo hauwezi kumwacha akae kwenye shamba lao. Mimi ninayeshuku hata chai sikumshuku Saulo hata kidogo. Nilimwona mtu mwenye akili. Tukaenda pamoja kwa jumbe, naye akapanga baraza siku ya Jumatano. Ikithibitika, Damari atafungasha arudi kwao, na shamba litachukuliwa na ukoo.

Siku zile za kungoja nilimkodolea macho. Akienda kuteka maji, nilihesabu hatua zake. Niliona tawi la utupa limevunjwa upande wa bwawani, nikalichukua liwe ushahidi, na sikutaka kukumbuka kwamba mbuzi wangu hupita hapo kila jioni. Alipokuja kunipa pole, nikaona hiyo ndiyo hila yenyewe, maana asiye na hatia angekaa kwake. Naye angekaa kwake, ningesema anajificha.

Jumanne akafika Crispin, bwana samaki wa serikali, Mhehe wa Iringa, mtu mzima mwenye kaptula ya kaki na baiskeli. Alinisalimu "kamwene" ya kwao, nikashuku hata salamu. Kwa nini aje leo, siku moja kabla ya baraza? Na barua ya kumwita nilikuwa nimempelekea mimi.

Nilimwonyesha tawi. Hakulishika. Aliinama, akanusa maji, kisha akauliza waliotangulia kufa ni wakubwa au wadogo. Wakubwa, nikasema. Wakati gani? Alfajiri. Na wadogo waliobaki wako wapi? Nikamwonyesha pale mfereji unapoingilia, wamejazana kama watu mlangoni. Akaguna.

Aliomba ndoo mbili. Ya kwanza akaijaza maji ya bwawa na kutia kifaranga, na baada ya muda kikaanza kulala ubavu. Akachukua kibuyu, akawa anachota maji ya ndoo ile na kuyamimina humo humo kutoka juu, tena na tena, kama mtu anayepoza uji. Povu likajaa. Kifaranga kikainuka, kikaogelea. Ndoo ya pili aliijaza maji safi ya mfereji, akatia utupa wa Damari aliouponda kwa jiwe. Kifaranga cha humo kilizunguka, kikalegea, na Crispin alimimina mpaka mkono ukachoka bila kukiamsha.

"Samaki yako hawakupewa sumu, mzee," alisema. "Walikosa hewa. Ndani ya maji iko hewa, wanapumua hiyo. Kitu kikioza humo, kuna vijidudu vinakila, na vyenyewe vinapumua hewa hiyo hiyo. Alfajiri ndiyo inakuwa kidogo kabisa, na mkubwa anahitaji nyingi, anatangulia kufa. Ulitia nini humu?"

Nilitaka nimshuku na yeye, kwamba labda Damari amempa kuku, lakini shaka yenyewe niliitafuta nikaikosa. Nilikumbuka midomo ile iliyokuja juu kuomba hewa, nami nikiiongezea machicha. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

Crispin aliondoka na baiskeli yake. Zile ndoo hakuna mwingine aliyeziona. Jioni Saulo alikuja tupange maneno, nami nikamsikiliza jinsi alivyolitaja shamba mara nyingi kuliko samaki. Nilimwambia nina homa, arudi kwake.

Jumatano Damari alikaa chini mbele ya jumbe, mzigo wake umeshafungwa kandoni. Saulo alisema yake kwa kirefu. Zamu yangu ilipofika nikasimama.

"Samaki wangu nimewaua mimi," nikasema. "Niliwalisha machicha ya pombe tuliyoikamata. Huyu mama hana kosa."

Watu walicheka mpaka jumbe akapiga meza. Mzee wa kanisa kalewesha samaki! Kicheko kile kilinifuata hadi ibadani, na nilistahili. Saulo aliondoka bila kuaga. Damari alifungua mzigo wake pale pale, akajifunga khanga, akaenda zake.

Kesho yake nilifika kwake na jembe begani. Mvua ilikuwa imeshika, majirani wameshapanda, na shambani kwake majani yalikuwa yamefika magotini. Alikuwa analima peke yake. Nilimwambia tutalimaliza lote, mimi na wazee wenzangu, bila pombe. Nikainua jembe. Akaja kusimama pale pale nilipotaka kupiga.

"Usiguse shamba yangu, baba," alisema taratibu. "Mahindi yakikauka, hata kama ni jua, nitasema ni wewe. Nitakuwa nakuchungulia kila siku. Mimi sitaki kuishi hivyo."

Akarudi kwenye tuta lake, akainama, akaendelea. Nilibaki nimesimama pembeni na jembe langu mpaka akafika mwisho wa tuta, akageuka kuanza jingine, na hakunitazama hata mara moja.