Uvimbe Uliopandishwa Cheo

Mshonaji wa kola alilazwa ubavu kwenye meza ya upasuaji, tumbo lake likajazwa gesi, na daktari akapitisha kamera kwenye tundu dogo kama kifungo cha shati. Juu ya figo la kulia, kwenye tezi ya adrenali, palikuwa na uvimbe mdogo kama harage. Ndio uliomtia presha, jasho, na moyo wa mtu anayekimbizwa hata akiwa ameketi anamenya viazi. Usipotolewa, ungemletea kiharusi.

"Hizo kola vipi?" uvimbe ukafoka. "Mnalala?"

Ilikuwa sauti ya msimamizi wa kiwanda cha sare alikoshona mgonjwa.

"Tunamalizia, bosi," daktari akajibu kwa adabu. Uvimbe wa aina hii haushikwi kwa pupa.

"Na huyo aliyelala, nani kampa ruhusa?"

"Mimi," akasema daktari wa usingizi. "Naomba usifoke, mkuu. Unanipandishia presha ya mgonjwa."

Wakaifunga mishipa ya uvimbe, wakautia kwenye kifuko, wakautoa. Muuguzi aliyeupeleka maabara alijikuta anakimbia.

Mshonaji alipozinduka, mume wake alikuwa kando.

"Mama watoto, unajisikiaje?"

"Kuko kimya humu ndani," alisema, machozi yakimlengalenga. "Usiongee kwanza. Acha nisikilize."

Maabara walisema uvimbe hauna saratani, ila unawanyima raha ya kunywa chai. Wakamwita mwenye sauti. Msimamizi akausikiliza, kichwa kakiinamisha upande, kama mzazi anayesikia mwanawe akisoma darasani. "Huyu kazi anaijua," akasema, akaondoka nao ndani ya chupa ya maabara.

Siku mshonaji aliporudi kazini, chupa ilikuwa juu ya rafu, mbele ya vyerehani. Msimamizi alikuwa amehamia ofisi ya juu, yenye kiti kinachozunguka.

"Huyu mpya ana nafuu?" mshonaji akamnong'oneza jirani yake.

"Nafuu ya wapi, shoga! Yule wa kwanza angalau alikuwa anakwenda chooni, nasi tukapata upenyo. Huyu haendi kabisa."

"Wewe wa kola!" chupa ikaita. "Umepona?"

"Nimepona, bosi."

"Basi unasubiri nini?"

Mshonaji akavuta kiti, akaweka mguu kwenye pedali. Upande wa pili, juu ya figo la kushoto, kitu kikasafisha koo.