Kovu Lililovuka Bahari

Haya, wewe uliyeketi hapo, nikutegee kitendawili. Nilitoka kwetu na kovu pajani, nikaambiwa sifai kitu. Nikavuka bahari, nikarudi na kovu lile lile, na sasa nakaa ndani ya kioo, mlangoni nina askari. Mimi ni nani? Usiseme jambazi, nakuona unavyocheka. Ni ngozi ya ngamia. Na anayeijua kuliko sisi sote ni Ebla wa Garissa, maana kovu lile alilichoma kwa mkono wake.

Ebla na mumewe Abdinoor walikuwa wafugaji wa upande wa Hulugho. Kila ngamia wao alichomwa chuma cha moto pajani: mistari miwili, na mmoja wa kuikata. Ndiyo alama ya ukoo. Ngamia akipotea hata mwezi mzima, anayemwona anajua amrudishe kwa nani. Na ngamia akichinjwa, ngozi ilikwenda kwa Ogle, dalali mjini Garissa, naye kila mara alikunja uso.

"Oneni mlivyoiharibu," alikuwa akisema. "Watu wa ng'ambo hawataki makovu. Hii ni daraja la nne, naichukua kwa hisani tu. Acheni kuchoma ndama, mtaona ngozi zenu zitakavyopanda."

Abdinoor alikuwa mtu wa kuamini watu. Akaacha. Ndama wa miaka mitatu mfululizo wakakua na mapaja laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kisha ukame ukaja, ukaua wale wakubwa wenye alama, mifugo iliyobaki ikatawanyika kutafuta maji, na ngamia ishirini na wawili wa Abdinoor wakaonekana katika kundi la watu wengine. Akaenda kuwadai. Wazee wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakamwuliza mbele ya umati: alama iko wapi? Abdinoor akapapasa mapaja laini, moja baada ya jingine. Alirudi na fimbo yake tu, akalala akiutazama ukuta, na kabla mvua haijanyesha Ebla alikuwa mjane, anauza chai mjini Garissa.

Siku moja Ilhan, binti wa dada yake, aliyesomea kazi ya ngozi Nairobi, akamletea picha kwenye simu. Mkoba ndani ya duka la matajiri, umeletwa kutoka ng'ambo, na bei yake inanunua ngamia na mtoto wake. Mbele ya mkoba, katikati kabisa: mistari miwili, na mmoja wa kuikata. Huo mmoja ulikuwa umepinda.

"Habaryar, mama yangu mdogo, hii si alama yenu?"

Ebla akaukuza ule mstari kwa vidole viwili. Ulipinda kwa sababu siku ile ngamia alirusha teke, na yeye ndiye aliyeshika chuma.

Ilhan akamweleza. Ngozi huondoka hapa imetiwa chumvi tu, au imepikwa nusu kwa dawa. Kule wana mashine, wana dawa, wana mafundi. Wanaimalizia, wanaishona, na ile yenye alama ya mfugaji wanaiweka kando, maana ndiyo inayogombaniwa. "Sisi tunawauzia ngozi, habaryar. Wao wanatuuzia ujuzi."

"Basi Ogle alitukataza kwa nini? Labda naye hakujua."

"Kamwulize."

Ebla akajitanda mtandio, akaenda mpaka ghalani kwa Ogle, akamwekea simu mbele ya macho.

"Ogle, ulijua tangu lini?"

Ogle akaitazama picha, akaisukuma simu kando. Kisha akaona wapagazi wake wanamtazama, akaangua kicheko. "Mama, nenda kauze chai. Biashara ya dunia nzima utaiwezea wapi wewe?"

Akampa mgongo. Ebla akaondoka na swali lake kama alivyokuja nalo.

Wiki ile ile alivua dhahabu za masikioni. Akakusanya wajane saba, wakanunua pipa kubwa la mbao lenye mota, la kuzungushia ngozi kwenye dawa, na Ilhan akawa mwalimu. Ngozi za kwanza zilioza, mtaa mzima ukaziba pua. Za pili zilikauka kama bati, hata Abshiro, mcheshi wa wale wajane, akasema, "Wallahi tuezekee choo." Za tatu zikatoka laini, unazikunja kama kanga. Wenzake waliomba dua ya riziki. Ebla aliomba Ogle ajaliwe afya njema na macho mazuri, aishi, aone.

Kisha akazunguka na ile picha kwenye minada, Griftu, Kutulo, mpaka Hulugho. "Chomeni alama zenu. Mkichinja, leteni kwangu." Hakuhitaji kusema mengi. Kila mfugaji alikuwa amewahi kukunjiwa uso na Ogle. Ilhan naye akawatumia sampuli wale wale wa ng'ambo wanaoshona ule mkoba, nao wakajibu kwamba wanataka ngozi iliyokwisha kutengenezwa, pamoja na jina la mwenye alama. Majina Ebla alikuwa nayo. Ogle hakuwahi kumwuliza mtu jina.

Kufikia mwezi wa nane ghala la Ogle lilinuka chumvi tupu. Na alikuwa ameshatia sahihi kupeleka ngozi mia tatu zenye alama. Asipozipeleka, jina lake limekwisha huko ng'ambo. Jumatano ya mnada akaja uani kwa Ebla na lori, akawakuta wafugaji wamepanga mstari, mzee Nunow wa Griftu akiwa mbele.

"Assalamu alaykum, abaayo."

"Wa alaykum salaam. Kumbe leo mimi ni dada? Si nilikuwa mama wa chai?"

Watu wakacheka. Ogle naye akajilazimisha kucheka. "Ule ulikuwa ulimi tu. Niuzie mia tatu. Taja bei."

"Sitaki bei. Nina lile swali ambalo hukulijibu: ulijua tangu lini?"

"Twende ndani tuzungumze kama ndugu."

"Mume wangu aliulizwa mbele za watu," Ebla akasema. "Na wewe utajibu mbele za watu. Mia tatu zile pale. Ukisema kweli, wallahi utazipakia leo."

Abshiro akamfinya. "Utampa kweli?"

"Nitampa. Aende nazo, tuone kama atapata tena mtu wa kumwamkia."

Akanyoosha mkono, akazima mota. Pipa likazunguka kidogo, likasimama. Wafugaji wakasogea karibu. Ogle akazitazama ngozi, akalitazama lori, akamtazama mzee Nunow, ambaye hakupepesa jicho.

"Nilijua kabla sijamwambia Abdinoor aache kuchoma," akasema. "Ghala langu lilikuwa limejaa zenye alama. Nilitaka ziadimike, bei yake ipande."