Nilivyoyahamisha Maneno ya Kungwi

Mwaka 1995 fundi kompyuta Mtoni kwa Aziz Ali alikuwa mmoja tu, mimi Mfaume, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Mashirika ya umma yalikuwa yakivunjwa, vitu vyake vikipigwa mnada, na kompyuta kuukuu zikaishia majumbani mwa watu wasiojua hata kuziwasha. Wakaja kwangu, na mimi nikavimba kichwa.

Bi Mwanaheri alikuja na yake juu ya mkokoteni. Alikuwa kungwi aliyewacheza wali, yaani mabinti wa unyago, nusu ya Temeke, mwanamke ambaye hata wajumbe walimpisha njia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Hii Nusaiba aliinunua mnadani. Mie nasema, yeye anachapa. Maneno yote ya unyago yamo humu, toka kwa bibi yangu mpaka kwangu. Sasa inazimikazimika, naogopa isije ikafa nayo."

Nusaiba, binti yake, ndiye aliyepaswa kuja, lakini alikuwa amejifungua na arobaini haijatimia. Alikuwa ameshanunua mashine nyingine, mtumba wa kontena kutoka Kurasini. Tatizo ni kwamba mashine hizo mbili hazikuwa ndugu. Diski za ile ya zamani hazikuingia kwenye mpya, na hata zingeingia zisingesomeka. Njia ilikuwa moja: kuziunganisha kwa waya, ile iseme, hii iandike.

"Sikiliza," Bi Mwanaheri akaniambia. "Wewe mwanamume, usisome hata neno. Ukimaliza, mwite mkeo akae hapa anisomee, nisikie kama yametimia. Mie herufi zenu hizi sizijui, nasoma juzuu tu. Kisha ile ya zamani uifute kabisa, isije ikaangukia kwa wanaume."

Maagizo gani yaliyonyooka kuliko hayo? Mke wangu Talha alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, uani, anakuna nazi. Lakini nilikuwa nimempiga marufuku kugusa mashine zangu, na wateja nikiwaambia kazi hii si ya kila kichwa. Leo nimwite akae kwenye kiti changu, asome, na mimi nisimame nje kama mgeni? Niliona aibu. Aibu ya kijinga, nalijua hilo sasa.

Kazi ilichukua siku mbili. Mafaili arobaini na matatu yalikuwa upande wa kwanza, arobaini na matatu yakatokea upande wa pili, majina yaleyale, ukubwa uleule. Nikaridhika. Sikufungua hata moja, na hilo nikaliita heshima.

Bi Mwanaheri aliporudi, aliuliza kwanza Talha yuko wapi.

"Yuko msibani Kipawa, Bi. Ila jana alisoma yote. Yametimia."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Mwambie yasitoke nje." Nikazifuta diski za zamani mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine, naye akiniombea dua kila moja inapokwisha.

Miezi minne baadaye alifariki. Muda wote huo Nusaiba alikuwa na mtoto mchanga, na mama yake alishamwambia maneno yako salama, kwa hiyo hakuona haja ya kuangalia. Baada ya arobaini ya marehemu akaja na mashine kwenye teksi, anataka tuchapishe karatasi, kuna mwali anasubiri kuchezwa. Akafungua faili la kwanza mwenyewe. Nilimwona anavyokunja uso.

Nusu ya herufi zilikuwa alama za kuuliza. Nilikuwa nimekosea mpangilio wa waya, na kila herufi ambayo mashine mpya haikuielewa, iliiwekea alama hiyo mahali pake. Ndiyo maana ukubwa ulilingana. Herufi zenyewe hazikuwepo tena popote duniani. Tulifungua yote arobaini na matatu. Mtu angesoma mstari mmoja tu angegundua, na siku ile diski za zamani zilikuwa bado mezani.

"Kaka Mfaume, hukuangalia?"

"Mama alinikataza kusoma."

"Na dada Talha? Si ungemwita yeye?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya mwisho ya kuwa mtu. Nikasema, "Mama hakutaka mtu yeyote asome. Hata mwanamke."

Nusaiba alilia; aliyachapa yeye, lakini kichwani hakuwa na hata nusu yake. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya mtandio, akasema taratibu, "Mama naye. Choyo mpaka cha maneno."

Sikumsahihisha. Kinywa kilikuwa kizito, lakini si kizito kiasi cha kunizuia kunywa chai jioni ile.

Mwezi uliofuata Talha alirudi kutoka kwenye ngoma ya yule mwali, kule Tandika. Alisema shughuli ilipwaya. Nyimbo ziliishia katikati, wanawake wakawa wanatazamana, na mwishoni wakaanza kumsema marehemu: mchoyo, kakataza maneno yasisomwe hata na mwanamke, kaenda nayo kaburini. Wengine walipofika kwenye dua ya makungwi waliotangulia, jina lake walilipita.

"Maskini Bi Mwanaheri," Talha alisema akikunja khanga yake. "Si angeniita mie tu? Ningemsomea hata wiki nzima."

Nikamwambia wazee wa zamani ndivyo walivyo.