Baiskeli ya Pembe za Mbuzi

Hardy aliishusha baiskeli kutoka juu ya lori polepole, kama anayemshusha bibi harusi, akaiegemeza ukutani, akasimama pembeni kungoja sifa. Sifa hazikuja. Sylviane, mkewe, alikuwa na mtoto wao Elyse kifuani, na yeye mwenyewe tangu azaliwe hakuwa ameona baiskeli nyembamba namna ile, tena yenye usukani uliojikunja kuelekea chini kama pembe za mbuzi dume. Baba mkwe wake, mzee Adolphe, aliikagua kuanzia tairi la mbele hadi la nyuma, kisha akauliza:

"Na ile nyeusi iko wapi?"

"Nimemwachia Gitau dukani kwake, Lodwar," Hardy akasema. "Tukiipenda hii, anabaki na nyeusi na tunamwongezea mbuzi wawili. Tusipoipenda, Jumamosi naipandisha lori naenda kuchukua yetu. Gitau hana neno."

"Mwenye duka hana neno mpaka akamate kamba ya mbuzi," mzee akasema. Akainama akasoma maandishi kwenye chuma, herufi moja moja. "Zel-va-no. Huyu ni nani?"

Hakuna aliyemjua.

Baiskeli yenyewe ilikuwa imeletwa kwa ajili ya Sylviane. Wao walikaa Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi, na darasa lake la jioni lilikuwa Kakuma. Tangu lami ifike, barabara ilikuwa nzuri, ila upepo haukuwa na habari na lami. Kila alipokwenda na ile nyeusi, upepo ulimkabili uso kwa uso njia nzima, akafika anahema, akakuta ubao umeshafutwa na wenzake wamefika mbali. Mwalimu Odongo alikuwa amemwambia kwa upole kwamba anayekosa mwanzo wa hesabu kila Ijumaa, afadhali aache, ajaribu tena mwakani. Sylviane hakutaka mwakani. Mwakani Elyse angekuwa anatembea, na labda pangekuwa na mwingine tumboni, nani ajuaye. Alitaka kufanya mtihani mwaka huu, huku kichwa chake bado kinakumbuka sehemu na desimali.

Lakini ile nyeusi haikuwa baiskeli ya kuachwa hivihivi. Mzee Adolphe aliinunua mwenyewe mwaka waliofika kutoka Burundi, na ilikuwa imebeba unga, kuni, wagonjwa, hata jeneza dogo siku moja. Kumwambia aiachie ilikuwa kama kumwambia auze mguu.

"Sawa," mzee akasema mwishowe. "Kesho nitaipima."

Sasa, mzee Adolphe katika ujana wake alishusha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mikungu imefungwa nyuma mpaka mtu haonekani, mlima unateremka na malori yanapiga honi. Watu wa kazi hiyo hawakununua baiskeli kwa maneno. Uliifungia mzigo, ukaishusha mteremko mmoja, ukateremka ukasikiliza. Ikinyamaza, ukatoa pesa. Ikicheka, ukamrudishia mwenyewe.

Kwa hiyo kesho yake alikata vijiti viwili, akavifunga kwa mipira nyuma ya kile kiti chembamba, akaning'iniza madumu ya maji, moja huku, moja kule, na la tatu juu.

"Baba," Sylviane akasema, "hiyo si ya madumu."

"Kila baiskeli ni ya madumu, mwanangu. Nyingine bado hazijajua tu."

Kalobeyei haina mlima, basi akaisukuma hadi ukingo wa laga, ule mto mkavu wa mchanga, akapanda, akajiachia. Majirani walitoka nje. Alishuka vizuri hadi katikati, halafu gurudumu la nyuma likaanza kuyumba, huku na huku, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Alipofika chini kwenye mchanga alikuwa amekaa, dumu moja liko mapajani mwake, na maji yanaingia kwenye viatu.

"Imecheka," akatangaza, bado amekaa. "Tena imecheka kwa sauti. Hii si baiskeli, ni mwavuli. Jumamosi irudi Lodwar."

Hardy alitazama chini. Sylviane alimtoa Elyse mgongoni, akamnyonyesha ingawa hakuwa na njaa, ili apate pa kuangalia.

Mchana waliipeleka kwa fundi Justin, Mkongo mwenye kibanda karibu na bomba la maji, maana huwezi kumrudishia mtu kitu kilichopinda. Justin aliipindua miguu juu, akazungusha gurudumu, akamtazama mzee.

"Mzee, uliibebesha nini?"

"Maji kidogo."

"Kidogo cha kanisa zima?" Akachukua kifungulio chake, akaanza kukaza spoki moja baada ya nyingine, na huku anaongea. "Mimi huyu Zelvano simjui, wala baba yake simjui. Lakini tazameni. Cheni hii ninayo hapa kwenye kopo. Breki, vipande vyake viko sokoni Kakuma. Gololi ni zile zile za baiskeli zote. Chuma kimeungwa vizuri, pitisha kidole, hakuna kovu. Na hapa, kati ya tairi na uma, pana nafasi. Naweza kuweka tairi nene kidogo, na ndani nikalaza mkanda wa tyubu kuukuu, miiba ya mathenge ikasahau njia." Akagonga chini ya kiti. "Isipokuwa hiki kifungo cha kiti. Kina umbo lake peke yake. Kikikatika, mimi sina, na sijui nani anacho."

"Kwa hiyo ni nzuri?" Sylviane akauliza.

"Nimesema inatengenezeka, Mama Elyse. Kama ni nzuri, hilo muulize anayeipanda."

Ijumaa alasiri aliipanda. Mzee alikuwa amesema itarudi kesho, na hakuna aliyepinga. Sylviane alijiambia kwamba anakwenda tu kuiaga. Alimwacha Elyse kwa babu yake, akafunga kitambaa kichwani kwa nguvu, akaingia barabarani.

Mwanzoni aliendesha amekaa wima, mikono juu ya usukani, kama mtu aliye kwenye benchi la mbele kanisani. Aliwaonea haya majirani, mke wa mtu kuinamia pembe za mbuzi. Upepo ukamkuta palepale unapomkuta siku zote, baada ya nyumba za mwisho, ukamsukuma kifuani. Ni ule ule, akawaza. Basi hata hii haisaidii. Mwanamke wa Kiturkana aliyekuwa akivusha mbuzi alimsalimu "Ejok," naye akaitikia kwa pumzi aliyobaki nayo.

Vumbi likamjia usoni. Akainamisha kichwa, na kwa kutafuta mahali pa kushika, mikono yake ikateremka ikashika zile pembe chini kabisa. Na upepo ukampita. Ulipita juu ya mgongo wake kama maji yanavyopita juu ya jiwe, na miguu ikawa myepesi. Alidhani upepo umepoa. Akainua kifua kujaribu, ukampiga. Akainama tena, ukapita. Akaanza kucheka peke yake, barabarani, mdomo umejaa vumbi.

Alipofika darasani, ubaoni palikuwa na tarehe tu. Mwalimu Odongo alikuwa bado anatafuta chaki.

"Mama, wewe leo umelala hapa?" akasema.

Wakati wa kurudi upepo ulikuwa nyuma yake, na baiskeli ilikwenda karibu bila kuombwa. Jua lilikuwa bado lina rangi alipofika. Mzee Adolphe alikuwa mlangoni na Elyse begani, anamwimbia kile kiwimbo cha Kirundi cha kuhesabu vidole.

"Mtoto amelia?" Sylviane akauliza.

"Amefungua mdomo tu, ukatokea. Hata sijafika kidole gumba." Akamtazama. "Leo hujachelewa."

Sylviane akamchukua mtoto, akakaa, akamnyonyesha. Yale maneno alikuwa ameyapanga njiani, lakini yalitoka yalivyotaka yenyewe.

"Baba, kule kwetu mzigo ulikuwa ndizi. Hukukosea, ndizi ni mzigo. Lakini huku hakuna mlima wala ndizi. Huku mzigo ni upepo. Na hii baiskeli upepo inaubeba."

Mzee akaitazama baiskeli. Akaingia ndani kulala.

Asubuhi, kabla lori halijafika, baiskeli haikuwepo ukutani. Hardy aliitafuta nyuma ya nyumba, akaitafuta kwa Justin. Halafu wakamwona baba yake anakuja kutoka upande wa lami, ameinama hadi kidevu kinagusa usukani, shati limejaa hewa mgongoni, kofia ameiingiza kifuani ndani ya shati.

Alishuka, akaiegemeza ukutani polepole kuliko Hardy alivyofanya siku ile.

"Nimempita jirani yetu Shadrack na baiskeli yake nyeusi," akasema, anahema. "Ameniita Sylviane."

Hardy akaangua kicheko, na Sylviane akajifunika uso kwa kanga.

"Haya, wakamate mbuzi, lori hilo linakuja," mzee akasema. "Yule mwenye doa na ndugu yake. Nyeusi mwambie Gitau asimpe mtu asiyejua kuipaka mafuta. Na muulize kama anacho kifungo kingine cha kiti. Kama hana, atafute. Asije akasema hana neno."

Hardy akaenda kuwakamata mbuzi. Mzee akabaki anavifungua vile vijiti vyake viwili, vilivyokuwa bado vimelala chini pamoja na mipira.

"Hivyo tungeweza kumfungia Elyse kiti kidogo cha nyuma," Sylviane akasema. "Niwe naenda naye."

Mzee akavitupa kwenye rundo la kuni.

"Umesema mwenyewe mzigo wa hii ni upepo," akasema, akanyoosha mikono kumpokea mtoto. "Huyu ni mzigo wangu mimi. Wewe nenda kasome."