Mahari ya Magurudumu Manne

Mimi niliolewa kwa gari. Wenzangu wa Iyula waliolewa kwa ng'ombe, majembe na mablanketi ya kina mama, lakini mimi, Yunisi binti Anania, niliolewa kwa gari jekundu la mashindano, la viti viwili, lenye paa la turubai na pua ndefu kupita kiasi. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nina mengi ya kusimulia.

Damiano wa Isansa alirudi kutoka migodi ya shaba ya Rodeshia mwaka 1946 akiendesha gari hilo, alilolinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mwaka huohuo Bwana Mifugo alikuwa amefunga njia zote za ng'ombe kwa sababu ya ugonjwa, hata ndama haruhusiwi kuvuka mto. Wazee walikaa siku nzima wakikuna vichwa. Mwishowe wakakubaliana kwamba gari lihesabiwe kuwa ng'ombe wanane, likabidhiwe kwa baba yangu, na ndoa ifungwe kanisani. Baba alikuwa ameendesha lori la jeshi hadi Abisinia, akarudi na goti bovu na hamu ya usukani. Hakubisha hata kidogo.

Walichosahau wazee wetu ni kwamba ng'ombe huzaa na gari huzeeka. Ng'ombe wanane kwa miaka sita wangejaza zizi. Gari letu kwa miaka sita liliota kutu, likapoteza taa moja, na kuku wa mama wakahamia kwenye viti. Mimi nami kwa miaka hiyo sita sikupata mtoto, na watu wa Isansa hawakuchoka kunikumbusha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini gari nalo halikuzaa.

Mwaka 1952 Damiano alirudi tena kutoka migodini, safari hii na mwanamke. Akamweka katika chumba changu, akaniambia nimpikie. Siku ya kwanza nilimpikia, kwa sababu mgeni ni mgeni. Siku ya pili nilimwambia ana mikono, ajipikie. Damiano akavua mkanda akanipiga mbele yake, naye mwanamke akatazama pembeni kwa aibu. Sikulia. Nilifunga nguo zangu katika shuka, nikatembea kutwa nzima hadi Iyula, nikamkuta baba anaanika kahawa.

"Sirudi," nikamwambia.

Alinitazama mgongo, akatazama chini. "Hurudi," akasema.

Lakini kusema ni rahisi. Kwa desturi yetu, mwanamke akiondoka bila kuacha mtoto, mahari hurudi yote. Wiki ya pili tuliitwa kwenye baraza la Mwene, mtawala wetu. Mzee Osea, baba yake Damiano, alisimama na kofia yake mpya ya pama akadai ng'ombe wanane.

Baba akainuka, goti likalia. "Mzee Osea, ulinikabidhi nini?"

"Ng'ombe wanane."

"Walikuwa na mikia?"

Baraza zima likaangua kicheko. Hata Mwene alifunika mdomo kwa kiganja. Alipomaliza kukohoa, alitoa hukumu ambayo watu wa Mbozi waliizungumza hadi mavuno. Gari lilifika Iyula likitembea lenyewe, akasema. Likirudi Isansa likitembea lenyewe kabla ya Jumapili, shauri limekwisha. Likivutwa, likisukumwa, likizimika njiani au lisipofika kabisa, Anania atalipa ng'ombe wanane siku hiyohiyo. Asipokuwa nao, binti atarudi kwa mumewe.

Mzee Osea alikaa akitabasamu. Alikuwa amewaona wale kuku.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi, kabla hata hatujawafukuza kuku, alifika mfanyabiashara wa Tunduma, Bwana Yonathani, mtu wa kununua vyuma hapa na kuviuza ng'ambo ya mpaka.

"Muli shani, mukwai," akatusalimu kwa lugha ya wateja wake, halafu akaendelea kwa Kiswahili. "Nimesikia habari zenu, mzee wangu. Nimeumia sana. Hilo gari ni mzoga, lakini mimi nitawapa mitamba wanne, mwendelee kuishi."

Mama yangu, Ferista, alihesabu upesi kuliko karani. Tulikuwa na ng'ombe wawili zizini. Baba mdogo Kefa alikuwa tayari kutoa mmoja. Pamoja na wanne wa Yonathani, walikuwa saba.

"Fanya watano," mama akamwambia.

Yonathani akashika kiuno, akasema atafikiri, akapanda baiskeli yake.

"Likiuzwa, yamekwisha," mama alisema alipoondoka. "Akileta watano, ng'ombe wanane tunawaona kwa macho. Gari hili likifia njiani, Yonathani hatalitaka tena, na mwanangu atarudi kule kupigwa. Baba Yunisi, uza."

Baba mdogo Kefa akaunga mkono. Hata mimi nilimwona mama ana haki. Mkanda ule ulikuwa bado haujaniondoka mwilini; nikigeuka kitandani nilikuwa nauhisi. Nilikuwa naogopa kurudi Isansa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na sioni aibu kusema hivyo.

Tulimtazama baba. Mtu yule alikuwa na maneno kwa kila jambo, tangu mbolea ya kahawa hadi mahubiri ya mchungaji, lakini asubuhi ile alikaa kwenye kigoda akisugua goti.

"Mara ya kwanza niliamua mimi," akasema mwishowe. "Safari hii amua wewe. Mahari ni yako."

"Basi tulisikilize kwanza," nikasema.

Tulifanya kazi siku mbili. Tulisugua plagi kwa mchanga, tukaziba tundu la tangi kwa sabuni ya mche, tukabadilisha oili. Tairi moja halikuwa na mpira wa ndani. Tulilishindilia nyasi kavu hadi likawa gumu kama jiwe. Petroli tulipewa na dereva wa lori la kahawa aliyekuwa na baba jeshini. Kazi ya kukanyaga klachi ilikuwa yangu, kwa kuwa goti la baba lilikuwa limekwisha kukataa zamani. Miezi ile ya uchumba baba alinifundisha kuendesha, akasema binti asiyeijua mahari yake ni sawa na aliyeuzwa gizani. Wanawake wengine wa Iyula walijua kukamua mahari yao. Mimi nilijua kubadili gia.

Ijumaa jioni baba alipiga hendeli mara moja, mara mbili, mara kumi. Mara ya kumi na moja gari likakohoa moshi mweusi, likatikisika, likaanza kunguruma. Mama alipiga kigelegele, halafu akakumbuka kwamba yeye yuko upande wa kuuza, akanyamaza.

Injini ikiwa bado inanguruma, Bwana Yonathani akaingia uani na baiskeli yake. Nilimtazama kabla hajajua kwamba anatazamwa. Alisimama, akainamisha kichwa kidogo, na mguu wake wa kulia ukaanza kupigapiga chini kwa kufuata mapigo ya injini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia harufu ya nyama. Halafu akaniona, mguu ukatulia, na huzuni ikarudi usoni.

"Mzoga ni mzoga tu, dada," akasema. "Lakini nimefikiri. Mitamba watano. Wako njiani, kesho asubuhi wanafika."

"Bwana Yonathani, umetoka Tunduma mara mbili kwa baiskeli kufuata mzoga?"

"Nina huruma."

"Huruma ya ng'ombe watano?"

Akacheka, lakini jicho lake likakimbilia kwenye boneti. Hapo nikajua. Mtu yule maisha yake yote alikuwa anasikiliza injini, na ile yetu alikuwa ameipenda. Wazee wangu waliona kutu, Mzee Osea aliona kuku, lakini mtu pekee aliyejua magari alikuwa tayari kuongeza mtamba mmoja kwa sababu ya sauti. Kama lingekuwa linakaribia kufa, asingerudi.

"Haliuzwi," nikasema.

"Yunisi!" mama akaita.

"Mama, mimi ndiye nitakayerudi kupigwa likikwama. Na mimi ndiye ninayesema halikwami."

Mama alilia, akanigeuzia mgongo, akaingia jikoni. Baada ya muda nikasikia anachagua viazi vya kunifungia safari. Yonathani aliongeza mtamba wa sita, na hapo hata baba mdogo Kefa akaanza kunitazama kwa macho mengine.

Jumamosi asubuhi alikuja tarishi wa baraza, Mbonile, na baiskeli ya serikali, awe shahidi. Baba akapiga hendeli, akakaa kushoto kwangu, na mimi nikashika usukani. Watu wa Iyula walijipanga barabarani hadi mwisho wa mashamba. Wengine walikuja kuniombea na wengine walikuja kuona aibu yangu, niliwapungia wote.

Gari lilikwenda. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri kiasi kwamba Mbonile alibaki nyuma, ikabidi tupunguze mwendo tusije tukakosa shahidi. Mtoni maji ya rejeta yalichemka. Baba akashuka na kibuyu akaongeza, injini ikinguruma, mguu wangu haujatoka kwenye mafuta. Tairi la nyasi lilitoa moshi kidogo, tukalimwagia maji na lenyewe.  Njia nzima mkono wa baba ulikuwa juu ya mlango, unaupapasa.

Halafu tukafika kwenye kilima cha mwisho. Nilikiingia kwa kasi yote, gia ya pili, ya kwanza. Katikati ya kilima gari likaanza kukosa pumzi. Likapiga chafya.  Nilikanyaga klachi, nikashika breki, nikaliacha lishuke taratibu hadi chini, injini ikiwa bado hai.

"Limekwama!" Mbonile akapiga kelele, akitoa daftari lake.

"Unasikia limezimika?" nikamwuliza.

Baba akakitazama kilima. "Geuza," akasema. "Gia ya nyuma ina nguvu kuliko ya kwanza. Abisinia tulipanda milima kinyumenyume, na mizigo ya risasi juu."

Nikaligeuza gari. Nikaweka gia ya nyuma, nikashika kiti kwa mkono mmoja, nikageuza shingo, nikalipandisha kilima kwa makalio.

Mbonile alisimama na kalamu hewani. "Mwene alisema litembee!"

"Alisema litembee," baba akamjibu. "Hakusema litazame wapi."

Tarishi aliwaza, akaona kweli, akarudisha daftari mfukoni. Alisukuma baiskeli mbele ya pua ya gari letu, akitazamana na baba uso kwa uso hadi juu. Mwisho wa kilima shingo iliniuma vibaya na sikuthubutu kugusa gia nyingine. Kwa hiyo niliingia uani kwa Mzee Osea kinyumenyume, kuku wao wakitimka, watu wakitoka kwenye nyumba zote, nikasimama mbele ya mlango wake. Nikazima injini mwenyewe.

"Limetembea," Mbonile akatangaza, akaandika.

Nilishuka, nikapiga magoti kama inavyopasa, nikamkabidhi Mzee Osea hendeli kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba. Mali yenu hii."

"Marahaba," akajibu, kwa mazoea tu. Tabasamu la barazani lilikuwa limemtoka lote.

Damiano alitoka nyuma ya nyumba. Hakunisalimu. Alilizunguka gari, akagusa pale ilipokosekana taa, akainama kutazama magurudumu. Sikuwa nimemwona tangu siku ya mkanda, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kuombwa msamaha. Aliinua kichwa.

"Breki bado zinashika?" akauliza.

"Jaribu," nikamwambia.

Tukaondoka kwa miguu, baba na mimi. Aliegemea bega langu kwa ajili ya goti, na kwenye kile kilima tulipumzika mara tatu. Nilikuwa na furaha ya kutaka kuimba, lakini baba aligeuka mara kwa mara kutazama nyuma, nami nilijua analiwaza gari. Tulikula viazi vya mama kando ya mto. Jua lilikuwa limeanza kupungua makali.

"Yunisi," akasema, "nina neno limenikaa kifuani miaka sita."

"Sema, baba."

"Siku ile walipokuja kuposa, wazee waliniuliza kama kijana anafaa. Nikasema anafaa. Lakini mimi sikumtazama kijana. Nilitazama gari." Akavua kofia. "Nililitaka, mwanangu. Nililitaka nikakutoa wewe. Nisamehe."

Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia. Aliyafuta machozi kwa kofia, akaitazama mikono yake.

"Nilijua, baba," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Mbona hukusema? Ungekataa mbele ya wazee, ningekusikiliza. Mbona ulinyamaza?"

Nilimsaidia kuinuka, nikauweka mkono wake begani mwangu.

"Baba," nikamwambia, "na mimi nililitaka."