Alama ya Shehena

Uji ulitosha mtoto peke yake. Gwenllian akalamba mwiko, akajifunga shali, akamshika binti yake Nest mkono, wakateremka kilima kwenda kanisani Salem. Ilikuwa Jumatano ya kikao, siku ambayo waumini huketi bila mahubiri na mwenye kosa husimamishwa mbele ya wenzake. Leo wa kusimama alikuwa yeye.

Kosa lake lilikuwa mdomo. Kisimani aliwaambia wajane wenzake jambo ambalo mumewe, Tudwal, alimwambia asubuhi aliyoondoka: mwenye meli alikuwa amemwamuru akwangue alama nyeupe ya shehena ubavuni mwa meli, ile ambayo maji hayapaswi kuipita, aichore upya juu zaidi, ili mawe ya kuezekea yapakiwe mengi na mkaguzi asione kitu. Meli ilizama na watu kumi na mmoja, Tudwal akiwemo, hata kabla ya kuipita rasi.

Mwenye meli, Bwana Josiah Treharne, alikuwa mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya maskini, na tangu mwezi uliopita mgombea ubunge. Mabango yake yalimwita Mtu wa Watu. Uchaguzi ulikuwa wiki ijayo. Alimngoja Gwenllian mlangoni, kofia mkononi.

"Dada Gwenllian, mtoto hajambo? Bado anakohoa?"

"Bado, bwana."

"Maskini. Nyumba ya maskini kuna daktari. Ila sheria ya kule unaijua: watoto upande wao, mama upande wao. Mimi sipendi hata kidogo. Lakini kamati ikiamua kuwapeleka, nitafanyaje?"

Gwenllian alimvuta Nest karibu. "Nikisema nilisikia vibaya?"

"Hiyo haitoshi. Sema ukweli. Tudwal alikuwa mlevi."

"Tudwal? Aliapa kuacha pombe humu humu, mbele yako wewe!"

"Basi alikivunja kiapo. Mkono ulioshika brashi ulikuwa wake, au siyo? Wangu ulikuwa hapa, umeshika Biblia."

Gwenllian alimchukia. Alitamani kumtemea mate usoni, ile kofia ikiwa bado mkononi mwake. Nest akakohoa, kikohozi kirefu, na chuki yote ikamwisha Gwenllian, ikabaki hofu.

Ndani, Treharne alipanda kwenye Kiti Kikubwa chini ya mimbari, akaketi pamoja na wazee wenzake wakiutazama umati. Hakuna aliyeshangaa. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Mchungaji akamwita Gwenllian.

"Dada, una neno?"

Alisimama.

"Tudwal alikunywa siku ile. Alama aliichora mwenyewe. Hakutumwa na mtu."

Katika benchi la mbele Mererid aligeuka. Ndiye jirani, mjane mwenzake, aliyempa viazi msimu wote wa baridi.

"Rudia."

"Hakutumwa na mtu."

"Kwa hiyo mumeo ndiye aliyeniulia Huw wangu? Na vijana wangu wawili? Nami nikakulisha?"

Gwenllian aliangalia Kiti Kikubwa. Treharne alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesali.

"Ndiye," alisema.

Treharne akashuka, macho yamemlowa, akampa mkono wa ushirika mbele ya wote. Kwa desturi, kila muumini hufuata kumshika mkono aliyetubu. Wajane wanane walisimama wakajipanga, lakini walimpita Gwenllian, wakaenda kwa Treharne. Walimwomba radhi kwa kumdhania vibaya. Yeye aliuliza habari za watoto wa kila mmoja, akawakumbusha, kwa kuwa wao hawana kura, wawahimize kaka zao wampigie.

"Mama," Nest aliuliza, na kanisa zima likasikia, "baba alikunywa nini?"

Gwenllian alimvuta ndani ya shali yake. Treharne ndiye aliyeinama, akampapasa mtoto kichwani.

"Usijali, binti. Sisi tumeshamsamehe."

Na wajane wote wanane wakaitikia amina.