Utepe wa Mlango wa Maabara

Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi, Badru Mwishehe alikuwa anafyeka nyasi mbele ya maabara ya shule. Alipofika mlangoni akaukuta utepe mwekundu uko palepale, umeshikana toka nguzo hadi nguzo, hauna fundo wala mshono. Ijumaa ulikuwa umekatwa na mgeni wa tano, yule aliyekuja na king'ora. Badru akaupangusa vumbi kwa kitambaa, maana kuupangusa utepe kulikuwa kumeongezwa kwenye kazi zake tangu mwezi wa tatu, kisha akaendelea na nyasi.

Shule yenyewe ni ya sekondari ya kata, nje kidogo ya Kibamba, ukishaiacha barabara ya Morogoro na kupanda kilima. Badru alikuwa mlinzi wa mchana. Darasa la nne hakulimaliza, wala hakuona aibu, kwani kwa maoni yake waliomaliza ndio walioifikisha nchi hapa ilipo.

Maabara ilijengwa kwa ubia. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilileta mabati, vigae, kibao cha ukutani na maboksi ya vifaa. Wananchi walileta mchanga na kokoto. Mke wa Badru, Hamisa, alibeba ndoo za kokoto mwezi mzima, kwa sababu alikuwa na mtoto mmoja tu, Nusaiba, na miguu ya Nusaiba haikuwahi kutembea. Hamisa alisemaga kwamba mtu ambaye miguu imemgomea apewe kazi ya mezani, na sayansi ni kazi ya mezani. Kokoto zikatosha, Hamisa akaugua, zahanati ikawa haina dawa, Hamisa akafa. Badru aliwalaumu wa zahanati, kisha wa wilaya, kisha wa wizara, na bado alikuwa anapanda.

Ufunguzi wa kwanza alikuja diwani. Akakata utepe, watu wakapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha zile ncha mbili zikanyanyuka kutoka chini, zikatafutana, zikashikana. Diwani alikuwa ameshainua mguu aingie. Akaushusha. Mkuu wa shule, Mwalimu Revelian, mtu wa Bukoba anayependa mambo yaende kwa utaratibu, alieleza kwamba jengo lenye utepe ni jengo ambalo halijafunguliwa, na jengo ambalo halijafunguliwa haliingiwi. Akaongeza kuwa kosa lilikuwa kumwita mgeni mdogo. Watu wakaona ana hoja, wakaenda kula pilau.

Basi wageni wakawa wanaitwa kwa kupanda cheo, na kila aliyekuja aliukata, na kila ulipokatwa ulishikana. Katikati ya wageni masomo hayakusimama. Mwalimu Tupokigwe wa kemia alifundishia dirishani. Wanafunzi walishika nondo, wakatazama maboksi yaliyopangwa hadi darini, naye akawasomea maandishi ya ubavuni: bureti, mizani, hadubini. Nusaiba alikuwa kwenye kiti mwendo na kichwa chake kiliishia chini ya dirisha. Wenzake walimsimulia maboksi.

Siku za ufunguzi, lakini, alikuwa wa mbele kuliko wote. Mradi uliitwa Sayansi kwa Wote, na fahari yake ilikuwa ule mteremko wa zege wa kupandisha kiti hadi mlangoni. Nusaiba aliwekwa katikati ya mteremko, akapigwa picha na wageni wote watano. Kila mmoja alimwambia atabasamu, naye alitabasamu, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Badru hakusoma, lakini macho hayaendi shule. Kwenye ufunguzi wa nne mvua ilikuwa imeshuka ghafla mkasi ulipokata tu, watu wakakimbilia turubai, na utepe ukalala chini muda wote huo kama kamba yoyote ile. Mshereheshaji alipokumbuka kuomba makofi, ndipo ukanyanyuka. Ufunguzi wa tano Badru alisimama karibu akatazama kwa makusudi. Ile Jumatatu, alipomaliza nyasi, akaenda ofisini kueleza kwamba utepe hauna shida na vyeo. Unaungwa na makofi.

Ofisini alikuwepo Dokta Auleria, mratibu wa ubia, mama mpole mwenye kompyuta mbili. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee Badru, hayo uliyofanya yanaitwa utafiti," akasema. "Una kibali?"

"Nina macho."

"Kibali cha utafiti, mzee wangu. Kuna fomu."

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na ukurasa wa tatu ulimtaka ataje jina la mbia wake wa ng'ambo. Badru akaikunja, akaitia mfukoni. Wabia wenyewe walikuja wiki iliyofuata, wakakata shubiri moja ya utepe, wakapigiwa makofi, utepe ukashikana, ile shubiri wakaitia kwenye mfuko wa plastiki, wakapanda ndege. Baada ya miezi miwili kikaja kitabu chenye jalada gumu kikieleza kwamba uwezo wa taifa wa kufanya utafiti umejengwa. Ukurasa wa mwisho waliishukuru jamii inayozunguka shule. Nusaiba alimsomea baba yake sehemu hiyo, akamwambia, "Jamii ni wewe."

Zikabaki wiki tatu kufikia mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Kemia ina mtihani wa vitendo, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kushika bureti. Nusaiba alikuwa amekwishajua kitabu chote kwa moyo, mpaka rangi, ila hizo rangi alizijua kwa majina tu.

Jumamosi asubuhi, shule ikiwa tupu, Badru akamsukuma mwanawe hadi juu ya mteremko. Akamwambia ashike magurudumu kwa mikono miwili, asiyaachie. Akapitisha fyekeo. Utepe ukaanguka, ukakaa chini. Wakaingia.

Boksi la bureti lilikuwa na fulana. La mizani lilikuwa na kofia. La hadubini lilikuwa na vipeperushi, na yaliyofuata yote, mpaka darini, vipeperushi, na juu ya kila kimoja Nusaiba yuko kwenye mteremko anatabasamu. Badru aliendelea kufungua muda mrefu. Nusaiba akafungua bomba la sinki, likakaa kimya.

"Baba, acha," akasema. "Humu niko mie tu."

Jumatatu Mwalimu Revelian akaja, akachungulia ndani, akatoka. Akasimama mlangoni, akapiga makofi matatu, polepole, peke yake. Utepe ukajifunga. Adhuhuri Badru akapewa barua ya kutakiwa ajieleze kwa nini alifungua maabara bila mgeni rasmi. Nusaiba ndiye aliyemwandikia majibu. Yalikuwa mstari mmoja: alifungua kwa sababu ni mlango.

Hakufukuzwa. Mgeni wa sita alikuwa mkuu mwenyewe wa kile chuo cha ng'ambo, na Dokta Auleria alitaka kwenye picha awepo mwananchi wa kawaida. Badru akapewa shati jeupe na kazi ya kushika sinia la mkasi.

Hapo akaona pa kutokea. Siku ya ufunguzi zingebaki siku tisa kabla ya mtihani wa vitendo. Mgeni akikata, pasiwe na kofi hata moja, utepe utalala, mgeni itabidi aingie, na akiingia atayaona maboksi. Mtu mkubwa akiaibika mbele ya wageni wake, bureti zinaweza kutoka Posta, mjini, mpaka Kibamba siku hiyohiyo. Badru akapita nyumba kwa nyumba. Hakuhitaji maneno mengi, kila nyumba ilikuwa na mtoto pale dirishani. Farida muuza chapati peke yake ndiye aliyemcheka.

"Nile pilau la watu nisiwapigie makofi? Haya, kaka yangu. Nitaikalia mikono."

Siku ikafika. Turubai likajaa. Farida kweli alikuwa ameikalia mikono, na wengine walikuwa wameifunga ndani ya khanga, na wanaume wameitia mifukoni. Mgeni, mzungu mrefu mwenye kofia ya mradi, akachukua mkasi kwenye sinia la Badru, akakata. Utepe ukaanguka.

Kimya. Kuku akapita. Mshereheshaji akaomba makofi, hakupata. Akaomba tena kwa kuhesabu, moja, mbili, tatu, hakupata. Mwalimu Revelian akapiga mawili, lakini baraza zima lilimgeukia, mikono yake ikafa njiani. Utepe ulitikisika kidogo, ukatulia. Mgeni akatazama huku na huku, akatabasamu, akainua mguu kuvuka kizingiti.

Mshereheshaji alikuwa anaijua kazi yake. Akageukia mteremko.

"Ndugu zangu, kama wageni mnawanyima, sawa. Lakini huyu binti yetu? Nusaiba Badru, mtoto wa Kibamba, amelelewa bila mama, kemia ni wa kwanza darasani. Na yeye mnamnyima?"

Mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa Badru. Aliliweka sinia chini kwanza, asije akaangusha mkasi, kisha akapiga kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, maana hakuna aliyewahi kulitaja jina la mwanawe namna hiyo mbele ya watu. Farida akaitoa mikono. Turubai zima likafuata, na vigelegele juu yake. Ncha mbili zikanyanyuka, zikapita usawa wa goti la mgeni, zikashikana. Mgeni akaushusha mguu. Akapiga picha na Nusaiba. Pilau likapakuliwa.

Kurudi nyumbani Badru alisukuma kiti mpaka karibu na kisima.

"Na wewe, Baba?" Nusaiba akauliza.

"Walikutaja jina."

"Nilisikia."

Badru akaanza kumlaumu mshereheshaji, kisha aliyemwajiri mshereheshaji, kisha wizara. Nusaiba akamwachia aseme.

Siku ya mtihani wa vitendo bureti zilikuwa hazijafika, na swali la kwanza liliwataka waandike rangi waliyoiona ikibadilika. Wanafunzi wengine wote wa shule ile waliandika pinki, kama kitabu kinavyosema, wakapata alama. Nusaiba aliandika kwamba hakuona kitu, akakosa. Mwalimu Revelian hakuyapokea matokeo yeye mwenyewe, alikuwa mjini anamtafuta mgeni wa saba.